Kiti kinachotazama mlango

Swali la kwanza la mshauri nasaha lilikuwa, "Ungependa kukaa wapi?"

Mle chumbani mlikuwa na viti vitatu. Nikachagua cha pembeni, mgongo ukutani, macho mlangoni. Akauliza kama mlango ufungwe. Nikasema uachwe wazi kidogo. Hakuandika kitu, hakuonyesha mshangao. Alivuta kiti chake akakiweka kando, asizibe njia yangu ya kutokea. Nikaanza kulengwalengwa na machozi, wala sikujua kwa nini.

Miaka miwili kabla ya hapo nilikuwa nimekwenda kwa mshauri mwingine. Nia yake ilikuwa njema, hilo simnyimi, lakini hata sijatulia aliniambia nisimulie yote tangu mwanzo, nisiache kitu. Nikasimulia. Nyumba ya utotoni, funguo zikihangaika kwenye kitasa usiku, sisi watoto kitandani tukijua kwa mlio wake tu kama baba amerudi na hasira. Nilitoka pale natetemeka. Wiki nzima sikupata usingizi, nikaapa sirudi tena kwa watu wa kazi hiyo.

Kilichonirudisha ni bega. Bega la kushoto lilikaza kama kamba, nikapigwa eksirei, mfupa hauna tatizo. Dawa za maumivu zikawa zinatuliza siku mbili tatu, basi. Usiku nilikuwa nasaga meno. Mtu akitupa funguo mezani, moyo unakwenda mbio. Daktari aliyenichunguza mara ya mwisho ndiye aliyeniuliza kwa upole kama kuna jambo lililowahi kunipata.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Methali hiyo nimeisikia tangu utotoni, na sikuzote niliona inawacheka waoga. Mama huyu, mshauri aliyeniuliza nikae wapi, alinifanya niisikie upya. Ndani ya ubongo, alisema, kuna sehemu ndogo iitwayo amigdala, nayo hupiga king'ora kabla akili ya kupima mambo haijapata nafasi. Adrenalini inamwagika, mapigo yanapanda, misuli inakaza. Mtoto anayeishi na hatari anakihitaji king'ora hicho, kinamlinda. Shida ni kwamba nyoka akishaondoka, chenyewe hakizimi.

Kwa hiyo karibu miezi miwili hatukuigusa habari yenyewe. Tulijifunza kupumua: kuvuta kwa hesabu ya nne, kutoa kwa sita, maana pumzi ndefu ya kutoka hupunguza kasi ya moyo. Kukanyaga sakafu na kuihisi. Kutaja vitu vitano ninavyoviona. Aliuliza nalala saa ngapi, nasali au sisali, nikizidiwa usiku nina nani wa kumpigia simu. Nilidhani tunapoteza muda, nikamwambia hivyo. Akajibu, "Mwanangu, kabla hatujaenda huko nataka ujue njia ya kurudi."

Baadaye nilisoma kwamba mpangilio huo una historia yake. Mwaka 1992, daktari wa akili wa Marekani, Judith Herman, alieleza hatua tatu za kupona kiwewe: usalama, kisha kukumbuka na kuomboleza, kisha kuungana tena na watu. Hatua hizo haziendi kwa mstari. Mimi nimerudi kwenye ya kwanza mara nyingi.

Hiyo ya kuomboleza hakuna aliyenionya. Nilidhani nitamkasirikia baba. Badala yake nilimlilia yule msichana aliyekuwa akilala huku masikio yakiwa macho, akihesabu hatua za mtu ukumbini. Nilimlilia wiki kadhaa. Katikati ya kusimulia, mama yule alikuwa akiona bega langu linapanda hata kabla sijalihisi. "Tusimame hapo," anasema. Tunasimama. Habari ya usiku mmoja ilichukua vikao vitatu kumalizika, na baada ya kila kikao nililala.

Niseme jambo moja linaloniuma. Wapo wanaouza chochote kwa jina la kutibu mwili, akili na roho pamoja, na kumwambia mgonjwa atupe dawa zake. Mimi nilimeza dawa za usingizi kwa muda, na mama yule, kwa ridhaa yangu, alizungumza na daktari wangu. Kumtazama mtu kwa ukamilifu wake ni pamoja na kuiheshimu dawa anayoihitaji.

Utafiti mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 1998, wa watu zaidi ya 9,500, ulionyesha kuwa waliopitia mateso mengi utotoni waliugua zaidi ukubwani, hata magonjwa ya moyo. Nilipousoma nililishika bega langu. Kumbe miaka yote hiyo sikuwa najisingizia.

Bado linakaza siku nyingine. Bado nakaa kwenye kiti kile kile. Ila mwezi uliopita nilipoingia, niliufunga mlango mwenyewe.