Kilo moja, tani moja: tulivyokifanya upya kifaru cha T-55 hapa Katuba

Vijana ninaowafundisha ufundi wa magari hapa Katuba, Lubumbashi, wanapenda vifaru vya vita kuliko wanavyopenda magari. Saa ya mapumziko ikifika simu zinatolewa, wanakusanyika chini ya mwembe, na ubishi unaanza: nchi yenye vifaru vya zamani inashindwaje kuvifunga mizinga mipya ikaendelea na kazi? Kwao mzinga ndio kifaru. Mimi naamini kifaru cha zamani hufanywa upya kuanzia chini, kwenye springi na injini, na mzinga huja mwisho. Lakini maneno ya ubaoni hayamwingii kijana aliyekwisha kuona video. Ilibidi waone kitu chenyewe kikilemewa.

Nikachagua T-55. Wasovieti walianza kuitengeneza mwaka 1958, na ni miongoni mwa vifaru vilivyotoka viwandani kwa wingi zaidi duniani, kwa hiyo nchi nyingi zimejaribu kukirudishia nguvu, kila moja kwa njia yake. Kinabeba watu 4, mzinga wa milimita 100, na injini ya dizeli yenye nguvu za farasi 580. Uzito wake ni tani 36.

Uzito huo ndio ulionipa kipimo. Tuliamua kujenga mfano wa moja kwa kumi. Ukigawa urefu, upana na kimo kwa kumi, ujazo unagawanyika kwa elfu, na tani moja inakuwa kilo moja. Basi kifaru chetu kilitakiwa kuwa na kilo 36, na kila kilo ambayo mwanafunzi angeongeza juu yake ingekuwa tani moja ya kweli. Sikuhitaji tena kueleza hesabu. Mizani ingeisema yenyewe.

Bodi tulilikata kwenye mabati ya friji zilizokufa na mapipa, tukalehemu jioni kila umeme uliporudi. Minyororo tuliunga kwa cheni za pikipiki na vipande vya bati. Kwa injini tulifunga mota mbili za waipa za gari, kila mnyororo na mota yake, pamoja na betri ya pikipiki. Kisha tukakipeleka kwa Mama mmoja anayeuza unga wa mahindi, kwenye mizani anayopimia mifuko, na tukajaza mchanga ndani hadi mshale ukasimama kwenye 36.

Kilichotusumbua ni springi. Kwenye T-55 halisi, ambayo ina magurudumu matano kila upande, gurudumu hukaa kwenye mkono mfupi, na mkono huo umeshikwa na fimbo ya chuma iliyolala kwenye sakafu kukata upana wa kifaru. Gurudumu likipanda jiwe, fimbo inajipinda kama nguo inayokamuliwa, kisha inajirudisha. Nondo nyembamba tulizopata kwa wauza vyuma chakavu zilijipinda na kubaki zimepinda. Aliyetuokoa ni fundi wa pikipiki wa jirani. Alitoa spoki nene kwenye rimu iliyovunjika, akaifunga kichwa kwenye jiliwa, akaikamata upande wa pili kwa koleo na kuizungusha robo. Alipoachia, ilirudi pale pale. Spoki kumi, magurudumu kumi. Tumbo la kifaru likasimama kwa zaidi kidogo ya sentimita 4 kutoka ardhini, kama hesabu ya moja kwa kumi inavyotaka.

Hapo ndipo nilipowaachia vijana wakifanye upya wanavyotaka.

Walianza na mzinga, bila shaka. Mzinga wa milimita 105 aina ya L7, uliobuniwa Uingereza, ndio nchi nyingi zimeufunga kwenye T-55: Israeli kwenye vifaru ilivyoviteka vitani, na Slovenia miaka ya 1990 kwenye vifaru vyake 30 vinavyoitwa M-55S, ambavyo 28 kati yake vilipelekwa Ukraine mwaka 2022. Mzinga wenyewe hauongezi uzito wa kutisha. Wakaja na kipima-umbali cha leza, kompyuta ya kulengea na darubini ya usiku, vyote kwa visanduku vya karatasi ngumu. Hivyo ni vyepesi, lakini tureti ya T-55, yaani kile kichwa kinachozunguka na mzinga, ni ndogo mno, na walipojaribu kuviingiza ndani hakuna nafasi iliyobaki kwa mpakiaji. Kijana mmoja akasema, "Mwalimu, tumtoe mtu mmoja." Wazo zuri, ila T-55 haina mashine ya kupakia, na mtu huyo ndiye anayelisha mzinga.

Kisha deraya, yaani chuma cha kujikinga. Hapa nilisimama muda mrefu, maana sisi ni watu wa shaba. RPG-7, silaha ya begani ya kupigia vifaru iliyoingia jeshini mwaka 1961, inabeba kichwa chenye baruti iliyochongwa ndani kama faneli na kuvikwa metali laini, mara nyingi shaba. Baruti ikilipuka, shaba inabanwa ikawa mshale mwembamba unaokwenda kilomita kadhaa kwa sekunde, na bamba la milimita 100 la mbele ya T-55, hata likiwa limeinamishwa, haliuzuii. Vijana waliokua wakiona malori ya shaba yakipita hawakujua kwamba madini yetu yanaweza kutoboa chuma namna hiyo. Dawa ni mbili: kuongeza mabamba, au kubandika visanduku vyenye baruti kati ya mabati mawili, ambavyo vikipigwa hulipuka na kuuvuruga mshale kabla haujafika kwenye deraya. Wasovieti walifunga mabamba mazito mbele ya tureti na ya bodi kwenye T-55AM, toleo lililofanywa upya, kuanzia mwaka 1983. Kikapita tani 40, na injini ikapandishwa hadi farasi 620.

Wanafunzi walipoweka kilo hizo mbele, pua ikashuka. Nikawapa rula: milimita moja hapa ni sentimita moja kule. Tukakipeleka kwenye ubao ulioinamishwa ambao mwanzoni kilikuwa kikiupanda vizuri. Kikafika katikati, mota zikalia kwa sauti nzito, kikaanza kurudi nyuma. Hakuna aliyeongea habari ya mzinga tena. Mmoja alishika spoki ya mbele na kuuliza tutapata wapi nene zaidi, na nilifurahi kuliko siku nyingine yoyote ya ualimu wangu.

Kuanzia hapo hesabu ya farasi kwa tani ikawa yao. T-55 ya kawaida: 580 kwa 36, karibu farasi 16 kwa tani. IS-3, kifaru kizito hasa cha Wasovieti: farasi 520 kwa tani karibu 46, yaani 11 tu, na ndiyo maana sishangai kwamba vile vya Misri vilihangaika na joto la jangwani katika vita na Israeli mwaka 1967. Romania ilipotaka T-55 nzito zaidi, TR-85, ilirefusha bodi, ikaongeza gurudumu la sita kila upande na kufunga injini ya farasi 860. Majirani zetu wa Angola waliona mfano mwingine mwaka 1987: Olifant za Afrika Kusini zikipambana na T-55. Olifant ni Centurion ya Waingereza ya mwaka 1945, iliyozaliwa na injini ya petroli ya farasi 650 kutoka ukoo wa injini za ndege, ikabadilishiwa dizeli. Baadaye toleo la Mk1B ikapewa springi mpya za fimbo na kufika tani 58.

Ninayoipenda mimi ni Achzarit ya Israeli. Waliitoa tureti yote ya T-55, wakaziba, wakaongeza deraya hadi tani 44, na kufunga injini fupi ya farasi 650 iliyolazwa upande mmoja. Nafasi iliyobaki kando ya injini ikawa njia ya askari kutokea nyuma, badala ya kuruka kutoka juu wakipigwa risasi. Mzinga mkubwa hawakuurudisha kabisa. Nilipoinua tureti ya mfano wetu na kuiweka mezani, vijana walipinga kwa sauti, halafu wakaanza kupima mahali pa mlango.

Baba wa mwanafunzi mmoja aliniuliza kwa nini nawafundisha watoto chombo cha vita, katika nchi hii. Nilimheshimu kwa swali hilo. Nilimwonyesha lori lililopakia shaba kupita kiasi barabarani, springi za nyuma zimelala, dereva akipanda kwa gia ya kwanza, na nikamwambia kwamba mwanawe sasa anaweza kumwambia dereva yule ni tani ngapi ashushe.

Kwa sasa bodi limekatwa katikati. Kundi hili linataka gurudumu la sita, na fundi wa pikipiki ameahidi spoki mbili zaidi.