Tafakari ya Ijumaa: Makaburi ya Amboise

Assalaam alaykum warahmatullah, ndugu zangu.

Wiki hii nilikuwa nikimsoma Amir Abdulqadir wa Algeria. Wengi tunamjua kwa farasi na upanga: kijana wa zawiya (kituo cha kisufi) ya tariqa ya Qadiriyya aliyepewa bai'a, kiapo cha utii, mwaka 1832, akiwa na miaka 24, akapambana na Wafaransa miaka 15, hata makao yake makuu yakawa mji wa mahema wa kuhamahama. Mimi nimekwama kwingine, kwenye bustani ya ngome ya Amboise, Ufaransa.

Alijisalimisha Desemba 1847 kwa ahadi kwamba ataachwa aende Alexandria, Misri, au Akka, Palestina. Wakampeleka Ufaransa, wakamfunga karibu miaka 5. Baridi na maradhi vikawamaliza watu aliofuatana nao, watoto wadogo wakiwamo. Makaburi 25 yapo bustanini pale mpaka leo. Unaswalia jeneza, kesho unaswalia jingine, na yote kwa sababu uliamini neno la jenerali.

Sasa njoo Damascus, Julai 1860. Ghasia zimezuka, mtaa wa Wakristo unawaka moto, na Amir, aliyekwisha kuachiwa, anaishi mji huo huo uhamishoni. Kama ni kisasi kwa watu wa dini ya waliomfunga, kimemfuata mlangoni. Yeye akatoka na watu wake wa Maghrib (Afrika Kaskazini), wakapita vichochoroni wakiwaita Wakristo watoke. Wakawajaza nyumbani kwake. Ilipofurika, wakawasindikiza hadi ngome ya mji. Kundi lilipokuja kuwadai, alilikabili uso kwa uso. Waliookoka ni maelfu. Imam Shamil wa Dagestan, aliyepigana na Warusi kule Kaukasi, naye wakati huo akiwa mikononi mwa Warusi, alimwandikia kumpongeza.

Simpambi. Mwaka 1846 mateka wa Kifaransa waliuawa kambini kwake, yeye akiwa mbali, na doa hilo halifutiki.

Aya ya 8 ya Suratul Maida inatukataza chuki yetu kwa watu isitutoe kwenye uadilifu. Nimeihifadhi tangu madrasa. Lakini yupo mtu aliyenidhulumu pesa za kiwanja, na kila Ijumaa nikimwona safu ya mbele, mimi natokea mlango wa nyuma. Juzi nikasikia mwanawe karudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Nikafurahi. Nilikuwa ndiyo kwanza natoka kuswali Alasiri, viatu bado mkononi, nikafurahi.