Saa Yangu Ilikuwa Inahesabu Miguu, Si Moyo

Kwa miezi minne nilitembea barabara ambayo nilipaswa kuikimbia. Jambo hilo bado linaniuma, na ndilo lililonifanya niandike.

Daktari aliponikuta na presha alinitaka nipunguze chumvi, nipunguze uzito na nianze kukimbia polepole. Akaongeza sharti: kwa kuanzia, mapigo ya moyo yasivuke 140 kwa dakika. Nina miaka 46, ni mwalimu wa sekondari hapa Njombe, na sikuwa na kifaa cha kupimia mapigo. Nikanunua saa janja, elfu sabini au themanini hivi. Asubuhi ya kwanza nikatoka saa kumi na mbili kasoro, nikaanza mchakamchaka mwepesi upande wa mashamba ya chai. Sijafika hata mita mia tatu, saa ikaandika 168. Nikasimama kwa hofu. Nikatembea, ikashuka. Nikakimbia tena, 168 ileile.

Kanuni inayojulikana ya kukadiria mapigo ya juu kabisa ya mtu, kutoa umri kwenye 220, inanipa 174. Maana yake saa ilikuwa inaniambia kwamba mchakamchaka wa kinyonga umenifikisha karibu na mwisho wa uwezo wa moyo wangu. Nikarudi hospitali, wakanipima ECG, kipimo cha umeme wa moyo, daktari akasema moyo hauna tatizo, niendelee ila nisivuke kile kikomo. Mtu ambaye bado hajapimwa aanzie hapohapo, asianzie kwenye saa wala kwenye maandishi yangu. Mimi nikatii kikomo kwa kuifuata saa, na ndivyo nilivyogeuka mtembeaji.

Ushauri niliopewa wakati huo ungeweza kujaza gunia. Mwalimu mwenzangu: "Dada, moyo wako umechoka, mbio achia wanafunzi." Mdogo wangu aliye Dar: "Dada, hiyo saa ni feki, tafuta ya laki nane." Jirani yangu akasema saa hizi haziwapimi watu weusi, basi. Kila mmoja alisema kwa uhakika kabisa, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza saa inasemaje nikiwa nimekaa.

Nikiwa nimekaa ilikuwa inasema kweli! Nilipima kwa vidole jioni kadhaa nikisahihisha madaftari: vidole 72, saa 73. Vidole 76, saa 75. Hilo la weusi wa ngozi lina msingi wake, kwa sababu saa humulika mwanga wa kijani kwenye ngozi, damu huunyonya, na kila pigo la moyo linapoleta damu zaidi mwanga unaorudi hupungua kidogo. Rangi ya ngozi nayo hunyonya sehemu ya mwanga huo. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford wa mwaka 2017 ulikuta makosa zaidi kwa wenye ngozi nyeusi. Ule wa Chuo Kikuu cha Duke wa mwaka 2020 haukuona tofauti ya maana kati ya rangi za ngozi. Ulichokiona ni kwamba kosa wakati wa kujongea lilikuwa kubwa kwa wastani wa asilimia 30 kuliko wakati wa kutulia. Kwangu mimi hoja ilikuwa nyepesi: ngozi yangu haibadiliki rangi ninapoinuka kwenye kiti na kuanza kukimbia. Kama saa inanisoma vizuri nikikaa, tatizo liko kwenye mwendo.

Kilichonifungua macho ni kwaya. Naimba sauti ya pili, na asubuhi moja nilijikuta nikikimbia huku naimba ubeti mzima wa wimbo wa Jumapili bila kukata pumzi katikati. Nikatazama mkono: 169. Haiwezekani. Mtu ambaye moyo wake uko karibu na kikomo chake hawezi kuimba ubeti, hata maneno matatu yanamshinda. Nikasimama palepale, nikaweka vidole viwili pembeni mwa koo, upande mmoja tu na bila kukandamiza, nikahesabu kwa sekunde kumi. Mapigo 22. Mara sita ni 132.

Hapa nieleze kuhesabu, maana nilikosea mara nyingi kabla sijazoea. Usihesabu dakika nzima. Mapigo hushuka haraka unapoacha kukimbia, ukifika sekunde ya thelathini unahesabu moyo wa mtu anayepumzika. Sekunde kumi zinatosha. Pigo linaloangukia pale unapoanza muda ni sifuri, si moja. Ukilianza kwa moja umeshajiongezea mapigo sita kwa dakika.

Basi, kama moyo ni 132, hiyo 169 inatoka wapi? Kesho yake nilihesabu kitu ambacho hakuna aliyenishauri nikihesabu: miguu. Kila mguu wa kulia ulipokanyaga nilihesabu, kwa nusu dakika. Mara 42. Miguu yote miwili ni 84, yaani 168 kwa dakika. Saa: 168. Nilipiga kelele peke yangu barabarani. Mzee mmoja anayepeleka maziwa mjini kwa baiskeli akasimama kuniuliza, "Kamwene mwalimu, kuna usalama?" Nikamwambia, "Shikamoo baba, kuna usalama, ni hii saa." Alinitazama mkono, akaendelea na safari yake.

Kuona mara moja hakukunitosha. Kwa siku tatu nilikuwa na daftari la wanafunzi mfukoni, safu tatu: hatua, saa, vidole. Kwenye mteremko, hatua fupi za haraka: hatua 176, saa 175, vidole 126. Tambarare: hatua 166, saa 167, vidole 132. Safu ya kwanza na ya pili zilifuatana kama ng'ombe na ndama wake, ya tatu ikabaki upande wake.

Halafu nikafanya jaribio ambalo mpaka leo najivunia. Nilikaa kwenye kiti sebuleni, nikaiwasha saa kwenye sehemu yake ya kupima mbio. Mkono wa kulia nikauweka shingoni, mkono wa saa nikaanza kuupiga pajani kwa mdundo wa hatua zangu za barabarani. Kushika mdundo ni kazi yangu, kwaya imenifundisha. Mwalimu wetu wa kwaya hakubali mtu anayekimbiza makofi. Dakika ya kwanza saa ilisita: 79, 84, 92. Dakika ya pili ikapanda, 120, 141. Mwanangu mdogo akaja kusimama mlangoni, "Mama, unafanya nini?" Nikamwambia ahesabu na mimi. Dakika ya tatu saa ilikuwa 163, na shingoni nilikuwa na mapigo 14 kwa sekunde kumi. 84! Nimekaa kwenye kiti, nimevaa kanga, na saa inanitangaza kama mtu anayekimbizwa na simba. Nikapunguza mdundo, saa ikashuka nao. Nikaongeza, ikapanda. Mwanangu akataka kujaribu, tukaikaza kwenye mkono wake, ikawa vilevile.

Maelezo yake, nilivyokuja kuyaelewa, ni kwamba kila unapokanyaga, mkono hutikisika, saa husogea kidogo juu ya ngozi na damu ya kwenye mishipa midogo husukwa. Mwanga unapanda na kushuka kwa mdundo huo pia. Programu ya saa inatakiwa ichambue mdundo upi ni wa moyo na upi ni wa miguu. Wa miguu ukiwa na nguvu zaidi, unashikwa huo. Na Njombe ina jambo lake la ziada. Tuko juu, karibu mita 2000, na Juni na Julai baridi yake inajulikana nchi nzima. Mwili ukipata baridi hubana mishipa ya mikononi ili kulinda joto la ndani, kwa hiyo damu inayofika chini ya saa ni kidogo na mdundo wa moyo unakuwa dhaifu. Mimi nilikuwa natoka alfajiri, mikono wazi, saa ikining'inia kwenye mfupa wa kifundo kama bangili. Nilikuwa nimeipa kila sababu ya kukosea.

Majaribio ya kuirekebisha bila hela yalianza vibaya. Niliikaza mpaka ikaniachia alama, vidole vikafa ganzi, na namba zikaharibika zaidi, kwa sababu nilikuwa naizuia damu ileile niliyotaka ipimwe. Niliigeuzia upande wa ndani wa mkono. Ikakwaruzwa kioo siku ya pili. Nikaazima saa ya mwalimu mkuu msaidizi, ya bei mbaya, nikavaa moja kila mkono: 168 huku, 151 kule, vidole 134. Ile ya bei ilikosea kidogo kuliko yangu, ila kwa laki kadhaa sikununua hiyo nafuu.

Kilichosaidia ni kuipandisha saa vidole vitatu juu ya mfupa, mahali penye nyama, kuikaza ibaki haichezi ila nisisikie maumivu, kisha kuifunika kwa mkono wa sweta. Na kufagia uwanja kwa dakika kumi kabla ya kutoka, damu iwe imeshafika mikononi. Baada ya hapo siku nyingi ilinisoma vizuri kwenye tambarare. Siku nyingi, si zote, na mtu mwenye kikomo cha daktari hawezi kuishi kwa siku nyingi.

Mdogo wangu, baada ya kumtumia picha ya daftari, alinyamaza siku mbili kisha akaniuliza kama ndiyo sababu saa yake inasoma 95 akinyanyua vyuma. Ndiyo, nikamwambia, ukikaza ngumi, misuli na kano za kifundo hubana na kuinua saa. Akaniomba radhi kwa ile ya laki nane, akanitafutia mkanda wa kifuani. Sijui alilipa ngapi hasa, nilimrudishia elfu tisini na nauli ya mzigo, nikaupokea stendi. Mkanda hautumii mwanga. Unasoma umeme wa moyo wenyewe kupitia vipande viwili vinavyogusa ngozi chini ya kifua. Si uvumbuzi mpya. Kampuni ya Polar ya Finland iliuza vya aina hiyo visivyotumia waya tangu miaka ya 1980.

Siku ya kwanza mkanda ulinipa 207. Nilikaa chini kando ya barabara, karibu nilie. Dakika tano baadaye, bila kugusa chochote, ukatulia kwenye 131. Asubuhi ya pili hivyohivyo: juu sana mwanzoni, kisha sawa. Jasho ndilo lililokuwa linaurekebisha. Ngozi kavu haipitishi umeme vizuri, na fulana yangu ya polyester kwenye upepo mkavu ilikuwa inajikwangua juu ya mkanda na kutoa umeme wake. Tangu siku hiyo nalowesha vile vipande kwa maji ya bomba kabla ya kuvaa, na ndani navaa fulana ya pamba. Haijarudia tena. Pia nikifika nyumbani nachomoa kile kidude cha mbele. Ukikiacha kwenye mkanda uliolowa kinadhani bado umevaa, betri inakwisha bure.

Nikafungua safu ya nne kwenye daftari. Mkanda na vidole havikupishana zaidi ya mapigo matatu au manne. Hapo ndipo nilipoona jambo lililonitisha kuliko 168.

Kwenye njia yangu kuna mlima mrefu. Miezi yote minne nilikuwa naupanda kwa kutembea, hatua ndefu za nguvu, kwa sababu saa ilinionyesha 116, 118, nikajisemea hapa ndipo mahali salama pa kujituma. Nilikuwa najisukuma mpaka nahema. Mkanda ulionyesha 153. Hatua zangu za mlimani zilikuwa 117 kwa dakika, na saa ilikuwa inanisomea hizo. Kwa hiyo kwenye tambarare nilipokuwa salama ilinizuia, na mlimani nilipovuka kikomo cha daktari ilinituliza. Watu husema saa inayokosea angalau inakosea kwa kukutahadharisha. Si kweli, na kwa mwenye presha usemi huo ni wa hatari.

Nilipeleka daftari kliniki. Daktari alilipitia ukurasa kwa ukurasa, akaniuliza maswali mengi kuhusu kile kiti cha sebuleni, akanipandishia kikomo hadi 150. Wanaotumia dawa za presha zinazopunguza mwendo wa moyo namba zao ni nyingine kabisa, waulize daktari wao, wasichukue yangu wala ile ya 220.

Saa bado naivaa, kwa muda na umbali. Mapigo ya mkanda nayasikia kwenye simu mfukoni, programu inanitamkia nikikaribia kikomo. Tambarare yote sasa naikimbia bila kusimama, kilomita tano na zaidi. Nikifika chini ya mlima sauti inatoka mfukoni, 148, nami napunguza na kutembea hatua fupi. Mzee wa maziwa mara nyingi tunakutana hapo, maana na yeye mlimani hushuka na kusukuma baiskeli. Tunapanda pamoja tukizungumza habari za viazi na mvua, na juu kabisa yeye hukalia baiskeli yake, nami naanza kukimbia.