Siku moja ya bibi shamba katikati ya masika: maboga nipande lini?

Saa 11:30 alfajiri

Mvua imepiga bati usiku kucha. Ni katikati ya Aprili, na hapa Bigwa, chini ya milima ya Uluguru, Aprili ndiyo masika yenyewe. Mimi ni afisa ugani, ila mitaani hakuna anayeniita hivyo. Mimi ni bibi shamba. Wiki hizi swali linalonifuata kila ninapopita ni moja: maboga nipande lini? Wengi wanaoniuliza wameshapanda. Walipanda mwanzoni mwa Machi, mara tu mvua ya kwanza ilipolowanisha udongo, na sasa wanaona maua yanadondoka bila kufunga tunda.

Nawaandikia siku yangu ya leo saa kwa saa kwa sababu karibu kila nilipopita nililazimika kueleza jambo lile lile: anayetaka boga apange tarehe ya kupanda kwa kuhesabu kutoka siku ua litakapofunguka. Mvua ya kwanza siyo kipimo.

Saa 12:30 asubuhi

Mvua imepungua, yamebaki manyunyu. Niko bustanini nyuma ya nyumba, kanga kichwani, kabla hata ya chai. Saa hizi hazina mbadala. Ua la boga hufunguka alfajiri, na ikifika saa nne hivi limeshajikunja, halifunguki tena. Nyuki anatakiwa apite ndani ya saa hizo chache. Asubuhi ikiwa ya mvua nyuki hatoki, chavua inalowa, ua jike linajifunga bila kuguswa. Siku chache baadaye kale kaboga kachanga kanageuka njano, kanaanza kuoza kwenye ncha, kanadondoka. Watu husema ni mdudu. Mdudu yupo kweli, inzi wa matunda anatutesa, lakini wakati wa masika, mengi ya maboga yanayodondoka machanga hayakuchavushwa.

Kwa hiyo nafanya kazi ya nyuki. Nachuma ua dume, lile lenye kikonyo kirefu chembamba, nang'oa petali zake zote mpaka kinabaki kile kijiti cha katikati chenye unga wa njano. Ua jike halikufichi: chini yake tayari pana kiboga cha ukubwa wa gololi. Nakipaka kile kijiti taratibu katikati ya ua jike, pale panaponata, nahakikisha unga umefika pande zote. Kisha nakusanya petali za ua jike na kuzifunga kwa uzi laini ili maji yasiingie. Ua dume moja linatosha maua jike mawili, hata matatu.

Jingine la kusema hapa: maua ya kwanza kwenye mche karibu yote huwa madume. Majike yanafuata baada ya wiki moja hivi, wakati mwingine mbili. Kuna watu wanang'oa mche kwa kudhani ni wa kiume. Msing'oe jamani, subirini.

Saa 2:00 asubuhi

Ofisi ya kata. Kusaini, taarifa ya wiki, simu. Nimebandika ukutani utabiri wa masika wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, na kila anayeingia namwonyesha mstari mmoja tu, ule unaosema mvua zinatarajiwa kwisha lini. Watu husoma mvua zitaanza lini na kuishia hapo. Kwa mkulima wa maboga, tarehe ya kuisha ina thamani zaidi.

Saa 3:15 asubuhi

Nimefika kwa bibi mmoja, nyumba ya mwisho kabla ya kijito.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu, karibu. Pita uone, majani ninayo, boga sina hata moja."

Na kweli. Mashina yamepanda uzio, yamevuka, yanakwenda kwa jirani. Jani moja linamfunika mtoto kichwa. Alipanda pamoja na mahindi, wiki ya kwanza ya Machi, kando ya lundo la samadi ya mbuzi. Samadi nyingi na mvua nyingi: mche unakimbilia majani.

Tukakaa barazani tukahesabu kwa vidole. Kwenye udongo wa joto kama wetu mbegu inaota ndani ya siku 5 hadi 10. Maua dume yanaanza kuonekana wiki ya sita au ya saba, majike yanafuata. Mbegu iliyofukiwa tarehe 5 Machi inatoa ua jike mwishoni mwa Aprili, mvua ikiwa katika kilele chake. Mbegu itakayofukiwa wiki hii inatoa ua jike katikati ya Juni. Juni hapa Morogoro anga limefunguka, nyuki wapo kazini, na udongo wa chini bado una unyevu wa masika. Boga likikomaa baada ya miezi mitatu na nusu hadi minne, unavuna Agosti, jua likiwa kali la kukaushia ganda.

"Na huo Julai maji yatatoka wapi?" akaniuliza.

Swali zuri, na sitaki kulipitia juu juu. Mbegu ya Aprili inahitaji kusaidiwa maji Julai, boga linapojaza. Kwa mashimo machache ya nyumbani, maji ya kuoshea mboga na vyombo, yasiyo na sabuni nyingi, yanatosha yakimwagwa shinani mara mbili kwa wiki, na shina likiwa limetandazwa nyasi kavu. Asiye na maji kabisa asivuke mwisho wa Aprili. Anayepanda katikati ya Mei bila maji anajichosha.

Hapo bibi akacheka, akaniambia mama yake alikuwa akipanda mara mbili. Mara ya kwanza na mahindi, hayo ya msusa, yaani majani ya kupika. Mara ya pili wakati wa palizi ya mwisho ya mahindi, hayo ya boga lenyewe. Nimesoma kilimo chuoni na kitu hicho sikuambiwa kwa uwazi wa namna hiyo. Kabla ya kuchagua tarehe, amua unataka nini: majani au tunda. Kwa majani, panda mvua ya kwanza, uanze kuchuma baada ya wiki nne au tano. Kwa tunda, subiri.

Kwa hiyo hatukung'oa kitu. Mashina ya Machi yatabaki ya msusa, atauza mafungu mpaka Juni. Ya boga tutapanda leo, upande wa pili wa nyumba, mbali na yale ya zamani ili ugonjwa wa majani usihamie kwenye miche michanga. Wakati wa mvua ni ubwiri vinyoya, mvua zikikatika unakuja ubwiri unga, ule unaolipaka jani vumbi jeupe. Dawa ya kwanza ya yote mawili ni nafasi na hewa: punguza majani yaliyozeeka, uyapeleke mbali na bustani.

Saa 5:00 asubuhi

Jembe mkononi. Wajukuu wawili wanasomba samadi iliyooza vizuri, ile isiyonuka tena.

Shimo upana sentimita 30, kina hivyo hivyo. Udongo wa juu unawekwa kando, unachanganywa na nusu debe ya samadi, unarudishwa mpaka shimo liwe kilima kidogo kilichoinuka juu ya ardhi. Hicho kilima msikidharau msimu huu: mbegu ya boga ikilala kwenye maji siku mbili tatu inaoza kabla haijaota. Kiangazi tunafanya kinyume, tunaacha kisahani kidogo cha kushikilia maji.

Kutoka kilima hadi kilima mita 2. Bibi aliona ni mbali mno, akataka kuongeza kimoja katikati, nikakataa. Shina la boga likikosa pa kutambaa linasongamana, na msongamano ndio unaouita ubwiri.

Mbegu ni zake mwenyewe, za boga la mwaka jana lililokaa jikoni miezi bila kuoza. Alizikausha kivulini, akazichanganya na majivu. Nikazimwaga kwenye beseni la maji, zilizoelea tukazitoa. Mbegu tatu kila kilima, zimelazwa ubavu, zimefukiwa sentimita 2 hadi 3, yaani fundo moja la kidole. Zikishatoa majani mawili ya kweli atabakiza mche mmoja wenye nguvu. Inayozidi aikate kwa mkasi au kisu. Akiing'oa atavuruga mizizi ya jirani yake.

Saa 7:30 mchana

Ugali na msusa wa karanga kwa mama lishe karibu na stendi ya bodaboda. Msusa umemenywa nyuzi vizuri, umechanganywa na maua dume yenyewe. Nilikula haraka, mawingu yalikuwa yanashuka mlimani.

Saa 8:30 mchana

Duka la pembejeo. Kijana mmoja amenunua pakiti ya zukini, anataka kuuza kwenye hoteli. Nikamwomba pakiti, nikaangalia lebo ya TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu nchini, na tarehe ya mwisho wa matumizi kabla ya jambo lolote. Kisha tukaongea.

Zukini halihesabiwi kama boga la kawaida. Halitambai mbali, linasimama kichaka, nafasi ya sentimita 80 hadi mita moja inalitosha, na linachumwa changa kabla ganda halijakaza, siku 50 hivi tangu kupandwa. Anayeliuza asipande pakiti nzima siku moja. Apande kidogo, baada ya wiki tatu kidogo tena, ili hoteli isikose. Nikamtahadharisha pia kwamba mbegu yake ni chotara: akihifadhi mbegu za matunda yake mwenyewe, msimu ujao atapata mchanganyiko asioutarajia. Na tatizo la ua jike kwenye asubuhi ya mvua lipo kwenye zukini vilevile, kwa hiyo kazi ya mkono anaihitaji.

Saa 10:00 jioni

Kikundi cha akina mama, chini ya mwembe, manyunyu yamerudi tukahamia ukumbini. Wao hawataki maboga ya Agosti. Wanataka ya mfungo. Boga la nazi kwenye futari ni biashara ya uhakika, na Ramadhani iliyopita wengi walinunua kwa watu wa mbali wakauza kwa faida ndogo.

Nikaandika ubaoni. Mwaka 2027 Ramadhani inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari, kwa kutegemea kuandama kwa mwezi. Boga liwe limeshavunwa mwisho wa Januari. Rudi nyuma miezi minne: mwisho wa Septemba au wiki ya kwanza ya Oktoba. Ua jike litafunguka mwishoni mwa Novemba na Desemba, ndani ya vuli. Vuli ya hapa kwetu ni nyepesi kuliko masika, inanyesha na kuacha, nyuki wanapata asubuhi zao. Tatizo la vuli ni kwamba haina ahadi: mwaka mwingine inachelewa, mwaka mwingine inakatika mapema. Kwa hiyo tulikubaliana mashimo yachimbwe na kujazwa samadi Septemba mwanzoni, mbegu zifukiwe mwisho wa mwezi huo kwa maji ya ndoo, mvua ije ikute mche umesimama. Anayengoja mvua ya vuli ndipo apande, anaweza kujikuta Februari ana maboga mabichi.

Mama mmoja akauliza atajuaje boga limekomaa, maana mwaka jana aliuza mabichi wateja wakamrudishia. Bonyeza ganda kwa ukucha: ukucha ukiingia, bado. Angalia kikonyo: kiwe kimekauka na kugeuka mti. Likate na kikonyo chake, kisipungue sentimita 5, na usilibebe kwa kushika hapo. Boga lililong'oka kikonyo linaanza kuoza pale palipong'oka. Lililokatwa vizuri, likawekwa juu ya chaga mahali pakavu, linakaa miezi.

Mwaka wa 2028 Ramadhani itasogea mpaka mwishoni mwa Januari, kwa hiyo tarehe ya kupanda nayo inasogea nyuma. Mwenyekiti aliliandika hilo kwenye daftari la kikundi kwa herufi kubwa.

Saa 2:00 usiku

Simu ya shangazi kutoka Njombe. Kaona picha za mashimo ya leo niliyotuma kwenye kundi la familia, anataka kupanda kesho.

"Hapana shangazi, haya ni ya Morogoro."

Kwao mvua ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba mpaka Aprili. Zinakwisha wakati ambapo mimi ndio nafukia mbegu. Akipanda sasa, udongo unazidi kupoa, na mbegu ya boga kwenye udongo wa chini ya nyuzi 15 inalala tu mpaka inaoza. Zitakazojikongoja kuota zitafika Juni na Julai, zikutane na sakitu, yaani umande unaoganda kwa baridi, mabondeni, na usiku mmoja wa sakitu unatosha kulilaza shina lote. Boga lake alifukie mvua zikishashika, mwisho wa Novemba au Desemba. Kwa sasa bustani aitie njegere, zinaipenda baridi.

Akauliza mbegu alizonazo azifanyeje mpaka wakati huo. Azikaushe kivulini, azichanganye na majivu makavu, azitie kwenye chupa yenye kifuniko, aiweke mahali penye ubaridi na giza. Mwanzoni mwa Novemba atoe kumi, azikunje kwenye kitambaa chenye unyevu karibu na jiko. Zikichipua nane baada ya wiki moja, apande mbili kila shimo. Zikichipua tano, apande nne. Zikipungua hapo, aniambie mapema nimtumie nyingine kwa basi.