Chetezo Kilichoungua

Kwenye begi, katikati ya kanga mbili, nilifungia kitu kilichokuwa chetezo cha kufukizia udi. Nilishuka nacho bandarini Mkoani, Pemba, nikiwa mwaka wa pili chuoni Dar es Salaam, nikisomea sanaa, upande wa ufinyanzi.

Muhula uliotangulia nilivuka na kiroba cha udongo mwekundu wa bondeni kwetu. Mchukuzi mmoja akaniuliza kama bara wameishiwa na ardhi. Nikafinyanga chetezo, nikakitia kwenye tanuri la umeme pamoja na kazi za wenzangu, nyuzi joto 1,200 na ushei. Vyao vilikuwa vya udongo wa kununua unaostahimili joto hilo, vikatoka salama. Changu kilivimba, kikayeyuka, kikagandana na tanuri kama halua iliyomwagika. Udongo wetu una chuma kingi, na chuma huuwahisha kuyeyuka. Ningejaribu kipande kidogo kwanza, ningelijua hilo. Sikujaribu.

Bibi alikipokea, akakigeuza, akakinusa.

"Hichi mmekipika hata kikaungua. Kilikaa motoni muda gani?"

"Tangu asubuhi hata usiku, bibi."

Alicheka mpaka akashika ubavu. Kisha akanipa donge la udongo uliokwisha kuchanganywa mchanga, na kombe la kulainishia.

Siku ya kuchoma, vyungu vyake na chetezo changu kipya vilikuwa vimekauka kivulini. Akavipasha kwanza kwa moto mdogo, akivigeuza kama mkate, maana unyevu uliobaki ndani ukishikwa na moto wa ghafla hugeuka mvuke, chombo kikapasuka. Akavipanga juu ya vifuu, akavifunika makumbi na makuti, akawasha. Mimi nimekodolea saa.

Pa!

"Chako hicho," alisema bila kugeuka.

Nikanyamaza. Moto ulipokolea, vyombo viliiva vyekundu ndani ya makumbi, rangi ambayo kwenye daftari langu la chuo niliiandikia nyuzi 700 hivi. Yeye hakuwa na daftari. Alitazama tu, akasema basi. Zilikuwa dakika 40.

Tulipopekua jivu, changu kilikuwa kizima, kina doa jeusi ubavuni palipolalia kumbi. Kilichopasuka ni chungu chake kikubwa.

"Ala!" akasema.

Nikataka kukichukua changu, kikaniunguza vidole. Bibi akaokota gai pana la chungu chake, akalichotea makaa, akanituma ndani nikalete udi.