Mkaazi au mpita njia?

Juzi jioni, nishaanza kufunga duka langu la fotokopi hapa Malindi, aliingia kijana wa jirani na mkataba wa karatasi nne. "Shikamoo mama. Nitolee kopi mbili." Kazi ya ulinzi, ng'ambo, wiki ijayo anasafiri. Ukurasa wa tatu wote umeandikwa kwa herufi nisizozijua.

"Mwanangu, hapa pamesemwa nini?"

"Wakala kashanieleza."

Mashine sikuiwasha. Nilimvutia stuli, nikamsimulia vibarua wa Ireland.

Watu wa Mayo na Donegal walizoea kuvuka bahari kila msimu kwenda kuvuna na kuchimba viazi Uskoti na Uingereza, kisha warudi kwao na pesa ya kodi ya shamba. Januari 1916, katikati ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Uingereza ikapitisha sheria ya kuandikisha jeshini kwa lazima wanaume wasio na wake, kuanzia miaka 18. Mei ikawafikia na wenye wake. Ireland yenyewe haikuguswa, lakini Mwairishi aliyehesabiwa mkaazi wa Uingereza alichukuliwa kama mwenyeji. Mvunaji wa msimu alisalimika. Sasa yule aliyelala bwenini miaka mitatu akichimba mitaro, mke na watoto wako Mayo, ni mkaazi au mpita njia? Na anayeamua si yeye. Wengi walifunga mizigo wakapanda meli kurudi kwao. Mwaka 1918 serikali ilipotaka kuwafuata hukohuko Ireland, wafanyakazi waligoma tarehe 23 Aprili, na sheria hiyo haikutekelezwa kamwe.

"Hao walikuwa Wazungu, mama."

Haya, nikamrudisha nyumbani. Wagiriama walipokataa amri za Waingereza, Mekatilili wa Menza akiwa mbele, mwaka 1914 walipigwa, wakatozwa rupia 100,000 na vijana 1,000 wa kazi. Vita hivyo vilikuwa vimeanza, na wapagazi wa jeshi walitakiwa. Kariakoo ya Dar es Salaam imepata jina kwa jeshi hilo la wapagazi, kwa Kiingereza Carrier Corps. (Mimi nilikuwa mtu mzima nilipolijua hilo, nami katika soko lile nimenunua kanga mara ngapi!)

Akanyamaza. Kisha akatoa simu, akaupiga picha ule ukurasa wa tatu, ikatafsiri vipande vipande. Mstari wa tano: utumishi wa kijeshi, mwaka mmoja.

"Wakala nimeshamlipa elfu thelathini," akasema.

Akaomba karatasi zake. Nikampa. Kopi sikutoa.