Sadaka inatoka mfukoni kwa nani?

Bwana Yesu asifiwe wapendwa, na kwa Wagogo wenzangu mbukwenyi.

Msimu wa mavuno ndo huu umefika, uwele na mtama viko ndani, alizeti zinapigwapigwa, Kibaigwa malori ya mahindi yamejipanga barabarani na makanisani Jumapili hizi ni shangwe tupu. Kama hujawahi kukaa kwenye mnada wa mavuno wa kanisa la kijijini huku Dodoma umekosa kitu. Ibada ikiisha watu wote wanatoka nje chini ya mti, vile vitu vilivyoletwa mbele ya madhabahu vinapigwa mnada kimoja kimoja, madebe ya karanga, maboga, mayai, kuku waliofungwa miguu, mbuzi, alafu kuku mmoja ananunuliwa na aliyemnunua anasema namrudisha kwa Bwana, anauzwa tena, anarudishwa tena, mpaka kuku anakuwa na bei kuliko mbuzi na akina mama wanapiga vigelegele mpaka sauti zinawakauka. Mi naupenda sana huo mnada, nasema mapema kabisa ili mtu asije akadhani napinga utoaji.

Ila mwaka huu nipo kwenye kamati ya mavuno ya mtaa wetu na kuna jambo limenikaa rohoni, naona hatulisemi vya kutosha. Tunafundishwa kutoa mpaka iume. Sawa kabisa, nakubali kwa moyo wote. Lakini iume kwa nani?

Maana mzee anasimama mbele ya kanisa anaahidi bando zima la bati kwa ajili ya jengo, kanisa linalipuka kwa makofi, na mke wake amekaa upande wa akina mama anapiga makofi na yeye, huku anajua kwamba zile gunia za alizeti zinazokwenda kuuzwa palizi aliifanya yeye na watoto jua la Januari, na hizo hizo ndo zilikuwa sare za shule na daftari na deni la dukani. Hakuulizwa. Kesho yake ni yeye anaenda kumbembeleza mwenye duka. Baba kapata jina la mtu wa Mungu, mama kapata deni. Au kijana wa kwaya, mazoezi kila siku mpaka saa tatu usiku, anasifiwa kwa kujitoa, na nyumbani kuna mke ana kichanga cha mwezi mmoja na maji ya kuchota ni ya foleni, dumu zimepangwa bombani toka alfajiri. Huyo kijana anajitoa kweli? Au anamtoa mke wake?

Hapa ndo huwa narudi kwenye 2 Samweli 24. Mstari ule wa Daudi kwa Arauna tunaupenda sana wakati wa changizo, "sitamtolea BWANA, Mungu wangu, sadaka za kuteketezwa nisizozigharimia", unasomwa, kapu linapita. Lakini soma sura yote, usianzie pale mwishoni. Daudi amehesabu watu, tauni imeingia, wamekufa watu elfu sabini. Elfu sabini! Kosa la mfalme, na waliolipa ni watu wa kawaida waliokuwa mashambani kwao. Na Daudi analiona hilo kwa macho yake, analia mbele za Mungu kwamba mimi ndiye niliyekosa, "lakini kondoo hawa wamefanya nini?" Sasa baada ya hapo ndo anaambiwa apande kwenye uwanja wa kupuria wa Arauna Myebusi akajenge madhabahu. Sisi watu wa mtama uwanja wa kupuria hatuhitaji kuelezwa, tunaujua, ule umesiribwa vizuri ukafagiliwa, upepo wa Julai unapepeta makapi. Arauna kwa heshima kabisa anamwambia mfalme chukua bure, ng'ombe hawa hapa, na vyombo vya kupuria na nira viwe kuni. Yaani ng'ombe wake wa kazi na vifaa vyake vyote vya mavuno viteketee kwa ajili ya dhambi ya mfalme.

Daudi anakataa, analipa shekeli hamsini za fedha. Mi naamini hakukataa kwa sababu ya ukarimu peke yake. Watu walishalipa vya kutosha kwa ajili yake, angekubali wale ng'ombe ingekuwa kwa mara nyingine tena mtu mwingine anabeba gharama na mfalme anabeba baraka. Mstari wenyewe unasema nisizozigharimia, MIMI. Sio zisizogharimu mtu yeyote, maana Arauna zingemgharimu kweli kweli.

Na Bwana Yesu mwenyewe kalisema waziwazi kwenye Marko 7, wale waliokuwa wanawaambia baba na mama zao kwamba kile ambacho kingewafaa nimekifanya korbani, ni cha Mungu sasa, hivyo siwezi kuwasaidia. Kwa nje inaonekana ni wacha Mungu kabisa. Yesu akasema mnalitangua neno la Mungu. Sijui kwa nini hiyo sura haisomwi kabisa Jumapili za changizo, ningekuwa na uwezo ningeiweka pale pale kabla kapu halijapita.

Kuna na hii nyingine ya mjini. Toka serikali ihamie huku makanisa ya Dodoma yamejaa watumishi wa umma, namshukuru Mungu kwa hilo, wametubeba kwenye mambo mengi. Lakini tuambiane ukweli kama ndugu, mtu akijaza fomu ya posho ya safari ambayo hakwenda, alafu akatoa fungu la kumi kwa uaminifu kabisa kwenye hiyo hela, hiyo zaka imetoka mfukoni kwa nani? Imetoka kwa bibi wa Bahi anayelipa kodi kwenye sabuni na kiberiti. Na yule kijana mpya aliyeajiriwa juzi, anayekaa meza ya jirani na anajua kwamba bosi ni mzee wa kanisa, yeye amejifunza nini? Amejifunza kwamba ndivyo Wakristo wanavyofanya. Hamna semina ya neno la Mungu itakayofuta hilo kirahisi.

Naomba niwaambie habari za katekista mmoja ninayemfahamu, yuko kijiji kimoja upande wa Chamwino, jina lake nalihifadhi maana hapendi haya mambo. Mnajua makatekista wetu wanavyoishi, analihudumia kanisa wiki nzima, anazika, anafundisha watoto wa kipaimara, na chakula chake anakilima mwenyewe kama kila mtu. Mwaka mmoja mvua zikakatika Februari mtama ukiwa ndo unachanua, wa huku wanajua hiyo maana yake nini, ukiingia mwezi wa kumi kaya nyingi hazina kitu. Yakaja mahindi ya msaada kanisani, yeye ndo mwenye orodha. Kaya yake akaiandika mwisho kabisa. Sasa hapo ndo watu wengi tungeishia tukasema huyo ndo mtumishi, lakini mimi nilipita kwake nikakaa jikoni na mke wake, nikamuuliza mama, na watoto je, mlikula nini? Akanijibu bila hata kuacha kusonga, "Hao walikula. Tulikaa tukaongea, akasema kitakachopungua kipungue kwenye bakuli langu." Watoto walikula ugali na mlenda mchana na jioni kama kawaida, na yeye mama alikula, baba wa nyumba alikuwa anakunywa uji asubuhi basi mpaka kesho, alafu anapanda baiskeli anaenda kutembelea wagonjwa. Alikonda mpaka watu wakaanza kunong'ona kwamba ana ugonjwa. Hakuwaeleza kitu.

Hiyo ndo Warumi 12 ninayoielewa mimi. "Itoeni miili yenu iwe dhabihu iliyo hai." Miili YENU. Paulo hakusema ya wake zenu na watoto wenu. Na angalia, mke wake alikuwa anaongea kwa fahari, hakuna uchungu hata kidogo kwenye sauti yake, kwa sababu walikaa wakaongea na mzigo ukaenda kwa aliyeuchagua. Watoto wake leo wakubwa, wote wanasali, na mmoja ni katekista pia. Sisemi ni kanuni, kuna watoto wa watumishi wema sana waliopotea, lakini wale walimwona baba yao na bakuli lake.

Nikiwaza hivyo huwa naisoma upya hata historia yetu ya injili. Tunajivunia, na ni haki yetu, kwamba Mpwapwa ilifikiwa na wamisionari wa CMS, lile shirika la misioni la Kianglikana la Uingereza, toka miaka ya 1870, tunamtaja Alexander Mackay, yule fundi wa Kiskoti aliyesimamia kufyekwa kwa barabara kutoka Saadani pwani mpaka Mpwapwa mwaka 1877, baadaye akafika Buganda na akafa kwa malaria mwaka 1890 kule Usambiro kusini mwa Ziwa Viktoria. Kajitoa kweli, maisha yake yote, sina neno baya juu yake. Lakini ile njia ilifyekwa na mikono mingi, na mizigo ilibebwa vichwani na wapagazi kupita nyika hizi hizi za kwetu zisizo na maji, na majina yao mengi hatunayo. Gharama yao nani anaikumbuka? Ningependa siku tukiadhimisha kuja kwa injili Ugogo hao nao waombewe na washukuriwe kwa sauti, hata kama hatuna majina.

Alafu kuna wale wa Uamsho, ile harakati ya toba na kuokoka iliyopita kwenye makanisa ya Afrika Mashariki. Ulianzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukasambaa Uganda, Kenya na hapa Tanganyika mpaka kwenye dayosisi yetu ya Kati. Babu zetu waliouona walichokuwa wanasimulia zaidi, kuliko hata mahubiri, ni watu kurudisha vitu. Mtu anaokoka, kesho yake anarudisha jembe aliloiba, anaenda kwa mwajiri wake anasema nilikuwa nakudokolea sukari, analipa. Staili ya Zakayo kabisa, "namrudishia mara nne". Fikiria aibu ya kutembea na jembe la wizi mchana kweupe kulipeleka kwa mwenyewe. Hiyo gharama huwezi kumtwisha mwingine, ni ya kwako peke yako, na ndo maana majirani wasioamini waliamini. Leo tunashuhudia jinsi Mungu alivyotubariki, gari, kiwanja, visa. Kurudisha jembe ni mara chache sana nasikia.

Sasa kuna mtu atauliza, mbona Mathayo 6 inasema usifanye wema machoni pa watu, na Mathayo 5 inasema nuru yenu iangaze mbele ya watu, tushike lipi? Nimelihangaikia sana hilo, na jibu ninaloliona ni kwamba kuna watu huwezi kuwaficha hata ukitaka. Mkeo, mumeo, watoto, dada wa kazi, mpangaji mwenzako, anayekaa na wewe ofisini. Hao wanaona bila wewe kutangaza. Kwa kanisa zima nyamaza, na status za WhatsApp za picha umeshika mfuko wa unga na yatima tuziache jamani, yule mtoto naye ana utu wake. Paulo alipomwambia Timotheo awe kielelezo akamtajia usemi, mwenendo, upendo, imani na usafi. Hamna hata kimoja hapo kinachotangazwa kwenye spika, na vyote anayekaa na wewe nyumba moja anavijua ndani ya wiki.

Dada wa kazi nimemtaja kwa makusudi. Tunamwachia nyumba na watoto tunakwenda mkesha, tunarudi alfajiri tumejaa Roho tunalala, yeye anaamka kudeki. Mkesha wetu yeye ndo aliukesha. Angalau basi siku hiyo tuamke sisi tupike chai, naye apate nafasi ya kwenda ibada kama anapenda.

Kwenye kikao cha kamati wiki iliyopita nilipendekeza kwamba kadi za ahadi za jengo mwaka huu ziwe na nafasi ya sahihi mbili kwa walio kwenye ndoa, baba na mama, na kadi isipokelewe kanisani papo hapo, irudi nyumbani kwanza wakae wakaongee ndo ije Jumapili inayofuata. Na ahadi zisisomwe kwa majina na kiasi. Mzee mmoja akasema tutakusanya kidogo. Inawezekana kweli tukakusanya kidogo, jengo likachelewa mwaka mmoja zaidi, mi naona bora lichelewe. Mnada wa kuku ubaki kama ulivyo, ule ni furaha na kila mtu ananunua kwa hela iliyo mkononi mwake. Mchungaji hajasema ndiyo wala hapana, kasema tuombe na tujadili tena kikao kijacho kabla ya Jumapili ya mavuno. Akina mama wawili kwenye kamati wamesema wataniunga mkono, na yule mzee nimepanga kwenda kumsalimia nyumbani kwake Jumatano tuongee taratibu, maana ni mtu ninayemheshimu na najua analipenda kanisa.